Neti za Saa Sita

Mtu aliyezaliwa kijijini Hasamba hafundishwi kuanika kahawa. Anajikuta tu anajua, kama anavyojikuta anajua kumkwepa fahali. Tusekile aliijua kazi hiyo kabla ya kujua kusoma, na mpaka leo anaijua vizuri kuliko kusoma. Kahawa ikishamenywa na kuoshwa humwagwa juu ya vichanja, zile meza ndefu za miti na wavu, ikageuzwageuzwa kwa mkono tangu umande unapokauka. Jua likifika utosini, hufunikwa. Hapo wageni hushangaa: mnaanika, halafu mnafunika? Ndiyo. Jua la saa sita haliikaushi kahawa, linaipasua ganda, na kahawa iliyopasuka ganda haina la kusema mbele ya mnunuzi. Kwa hiyo saa sita neti zinashuka, alasiri zinaondoka, na mwanamke anayesahau hilo atasemwa mpaka siku ya mazishi yake, mara tu baada ya kutajwa wema wake.

Tusekile hakusahau hata mara moja. Katika kikundi chao cha kahawa alikuwa mkuu wa vichanja, cheo kisicho na mshahara wala kiti, ila kina sauti. Mumewe alipofariki, mwanawe Ipyana, anayehangaika na makaratasi ya malori pale mpakani, alikwenda kumchukua.

"Mama, twende Tunduma ukapumzike," alimwambia.

Alipumzika kidogo, kisha akaanza kuugua kwa kupumzika. Ndipo ikapatikana kazi ya kuanika maji.

Hapo pana haja ya maelezo. Nje kidogo ya mji, kwenye mteremko, kuna hospitali ya misheni. Chini ya hospitali kuna kijito, na kandokando ya kijito kuna bustani za wanawake: chainizi, figiri, mnafu, nyanya. Mboga hizo huliwa mji mzima, na madereva wa malori wanaosubiri kuvuka kwenda Zambia huzila pia, bila kuuliza zilinyweshwa wapi. Zilinyweshwa kijitoni, na kijitoni huingia maji taka ya hospitali, yakiwa yameshatuama bwawani na kupita kwenye matete na mchanga mpaka yakawa meupe kama ya kisima. Macho hayakuona kosa. Kosa lilikuwa dawa.

Mji wa mpakani unapenda vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu. Mafua, rangi mbili. Tumbo, rangi mbili. Kidonda, kidonge kinafunguliwa na unga wake unanyunyizwa juu kama chumvi kwenye parachichi. Mwili huchukua unachotaka, kinachobaki huenda chooni kikiwa bado dawa kamili, yenye nguvu zake zote ila haina mgonjwa. Kikifika kwenye maji, vijidudu hukutana nacho kidogo kidogo kila siku, vikakizoea kama mbwa anavyomzoea mgeni asiyekoma kuja. Siku mtu akiugua kweli, dawa inaingia mwilini, na vijidudu havinyanyui hata kichwa.

Mtaalamu aliyekuja na jibu alikuwa Jenista, binti wa Ileje aliyesomea kemia ya maji mpaka akajaliwa shahada nyingi na subira kidogo. Alifundisha chuoni Mbeya, akawa anakuja Tunduma mara moja kwa wiki. Jibu lake lilikuwa unga wa njano, alioutengeneza kwa kuichoma mbolea ya urea kwenye tanuri. Jambo hilo lilimuuma Tusekile aliposikia.

"Urea, mwanangu? Watu wanapanga foleni ya mbolea, wewe unaichoma?"

"Kidogo tu, mama."

"Hata dhambi huanza kidogo."

Unga ule ulipakwa kwenye vigae, na vigae vikapangwa juu ya meza ndefu zilizoinama upande mmoja. Maji yalifunguliwa juu kutoka kwenye tangi, yakateremka juu ya vigae yakiwa membamba kama jasho, yakakusanyika kwenye tangi la chini kabla ya kwenda kijitoni.

"Mwanga wa jua ukiugusa unga huu, unaamka," Jenista alieleza. "Ukiamka unaikata dawa iliyomo majini vipande vipande, mpaka vijidudu havina cha kuzoea. Unga wenyewe haupungui. Ndiyo maana tunauita kichocheo."

Tusekile alilitafakari hilo. "Kama mshenga. Anahangaikia ndoa, yeye haoi wala haolewi."

"Kama mshenga. Ila huyu kazi yake ni kuvunja ndoa."

"Na hao pia tunao," alisema Tusekile.

Akazikagua zile meza, akapiga magoti kutazama mwinamo, akagonga mguu mmoja wa meza kuona kama umekaa. "Hivi ni vichanja," akatoa uamuzi.

Jenista alicheka. "Ni vichanja, mama. Tofauti ni kwamba tunaanika maji."

Kazi akapewa. Kabla ya kuianza alikwenda Hasamba, akarudi na neti zake za kivuli, nyeusi, nzito, zimekunjwa kama shuka za wageni. Moja ilikuwa na tundu alilolitoboa mbuzi kwa pembe, tundu lililopinda kama kiwiko. Kila mwaka Tusekile alikusudia kulishona, na kila mwaka likabaki.

"Za kufunikia, mama?" Jenista aliuliza alipoziona.

"Za kufunikia."

"Vizuri sana. Vumbi la malori hapa si la mchezo."

Halafu akaondoka kuwahi basi, kama alivyoondoka kila alipokuja, jua likiwa bado upande wa mashariki. Huo ndio uliokuwa mjadala wote uliowahi kufanyika kuhusu neti.

Mtambo uliofanya kazi vizuri miezi yote ya majaribio, ukiwa hauna mtu, ulianza kushindwa ulipopata wa kuutunza. Hakuna aliyeuona uhusiano huo. Hospitali nzima ilimsifu Mama Ipyana, maana vigae viling'aa, fito za uzio zilinyooka, na saa sita juu ya alama neti zilishushwa taratibu juu ya meza kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Maji yalipimwa, yakakutwa na dawa. Yakapimwa tena, yakakutwa na dawa. Jenista akautilia shaka unga, akauchoma upya. Akawatilia shaka watu wa stoo ya dawa, wakaapa kwa Biblia. Akalitilia shaka hata jua la Tunduma, ambalo halikujibu.

Aliyekuwa na neno la mwisho ni Bwana Afya wa mji, Aliko, mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kutangazia misiba. Alisema maji yatapimwa mara ya tatu. Yakishindwa, hospitali itajenga bomba la kuyapeleka mbali na, kwa kuwa bomba ni jambo la miaka, bustani za kijitoni zitafungwa mara moja. Hakusema kwa ukali. Alikuwa ameshaandikisha kibao: ENEO HILI HAIRUHUSIWI KULIMA MBOGA. Kililala nyuma ya pikapu yake pamoja na nguzo zake mbili, kikazunguka naye mjini kila alikokwenda, kama mgonjwa anayesubiri kitanda.

Bustani ya kwanza pale chini, ile iliyopakana na uzio, ilikuwa ya Gwantwa, dada wa marehemu mume wa Tusekile. Wifi, kwa hiyo mwenye ruhusa ya kusema lolote.

"Wifi!" aliita asubuhi ya siku ya kipimo cha tatu, akiwa ameegemea uzio na jembe. "Maji yako yameamkaje?"

"Yameamka salama."

"Salama kwa nani? Mara mbili yameamka salama, mara mbili yakafeli. Mwanafunzi wa hivyo tungeshamrudisha kuchunga."

"Leo yatapita."

"Kitaluni kwangu miche imejaa mpaka inagombana. Nipande nisipande?"

"Panda."

"Niapie."

Tusekile alishika ufagio, akafagia mahali palipokwisha fagiliwa. Gwantwa alimtazama, na utani ukamtoka usoni. Kiwanja kingine chenye maji hakikuwepo. Kila bonde la mji huo lilishageuka maegesho ya malori. Kufungwa kwa kile kipande kulikuwa na maana moja tu, na wote wawili waliijua: Gwantwa angekwenda kupanga nyanya za watu wengine kwenye sinia na kutembea nazo katikati ya magari, kwa umri ule na kwa miguu ile.

"Kaka yangu alikusifu mpaka kaburini," alisema Gwantwa. "'Mke wangu akiwekwa kwenye kitu, hakiharibiki.' Sasa usimfanye mwongo."

Jenista alifika saa sita ikikaribia, macho mekundu ya safari na kukosa usingizi, akiwa na chupa ya rangi ya bluu, ile ya kupaka vinywa vya watoto na vidonda. Aliloweka kitambaa, akavisugua vigae vya meza ya kwanza, ambayo siku hiyo aliifungia maji, mpaka vikawa bluu tupu.

"Hii ni ya kumwonyesha Bwana Afya," alisema. "Jua likifanya kazi, kichocheo kitaila hii bluu mbele ya macho yake. Akija alasiri atakuta njano imerudi. Mama, usiifute, usiiguse."

"Siigusi."

"Mimi nipo ofisini kwa mganga mkuu. Wameniita kujieleza." Alicheka bila furaha. "Chukua tahadhari zako zote, mama. Leo kila kitu kiwe kama kinavyopaswa kuwa."

Tusekile aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa Novemba, mvua bado haijaanza, na jua lilikuwa limeshapania. Kufikia adhuhuri mabati ya wodi yalikuwa yakilia yenyewe. Lilikuwa jua la kupasua ganda la kahawa mpaka kwenye moyo. Kwa heshima ya siku hiyo Tusekile alizikunja neti mara mbili, akafunika meza zote, na kwa kuwa tahadhari zake zote zilitakiwa, akaifunika pia ile ya bluu. Hakuigusa. Neti ile yenye tundu ndiyo iliyokuwa imebaki, na haikutosha kukunjwa, ikalala hivyo hivyo ilivyo.

Kisha akaketi kivulini na kusali kidogo.

Pikapu ilipoanza kusikika mlimani, aliinuka kwenda kufunua. Alifunua meza ya mwisho, ya katikati, akafika ya kwanza. Akaiinua neti, akabaki ameishika hewani.

Vigae vilikuwa bluu. Vyote, mwanzo wa meza hadi mwisho. Isipokuwa sehemu moja ndogo ya njano safi, iliyopinda kama kiwiko.

Alilijua umbo lile kama anavyoyajua makovu yake. Aliirudisha neti polepole, akalitazama tundu la mbuzi likikaa juu ya kiwiko cha njano, likaachana nacho kidogo tu, maana jua lilikuwa limesogea. Akainua tena. Mahali jua lilipopita, kazi imefanyika. Mahali alipotunza yeye, hapakufanyika kitu.

Kuna watu wanaoelewa jambo kwa kichwa, wakapata nafasi ya kujitetea. Tusekile alielewa kwa magoti. Alikaa chini juu ya changarawe, neti mapajani, na siku zote za kazi yake zikapita mbele yake, kila moja imefunikwa vizuri saa sita. Maji ya kipimo cha kwanza. Maji ya kipimo cha pili. Maji yaliyomo tangini sasa hivi, yanayosubiri chupa ya Bwana Afya.

"Wifi, umeanguka?" Gwantwa alikuwa uzioni. Naye alikuwa ameisikia pikapu.

"Ni mimi," alisema Tusekile.

"Najua ni wewe. Nimeuliza umeanguka?"

"Ni mimi ninayeharibu maji. Yanataka jua, mimi nayafunika. Saa ile ile ambayo jua lina nguvu, ndiyo ninayoyafunika."

Gwantwa alilitazama rundo la neti, akatazama jua, akatazama neti tena. Alikuwa mtoto wa kahawa yeye pia. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Angeweza kupiga kelele. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, "Mwingine aliyeona ni nani?"

"Hakuna."

"Basi zikunje. Futa hiyo bluu. Akija akakuta meza ziko wazi, nani atajua?"

"Atachota maji, wifi. Maji yanajua."

Mlango wa pikapu ulifungwa kule juu. Sauti ya Jenista ilikuwa ikiongea haraka haraka, na ya Aliko ikijibu taratibu, ikishuka pamoja na viatu vyake. Kibao kilionekana nyuma ya gari, herufi zake nyekundu zikiwa kichwa chini.

Tusekile alisimama. Mikono yake ilianza yenyewe kuikunja neti, kona kwa kona, akailazimisha iache.

"Shikamoo mama," alisema Aliko.

"Marahaba, baba. Usichote."

Aliko alikuwa tayari ameitoa chupa yake kwenye sanduku. Alimtazama Jenista, Jenista akamtazama Tusekile.

"Mama Ipyana, kuna nini?"

"Njooni muone." Akawapeleka kwenye meza ya bluu, akawawekea neti, akaitoa, akawawekea tena, kama anayewafundisha watoto kufunga kitenge. Alisema kila kitu. Kahawa, ganda, saa sita, tangu siku ya kwanza. Hakulia, alisema kama anavyosema mtu aliyeitwa kwenye kikao cha ukoo, ametazama mbele, mikono nyuma. "Kwa hiyo unga ni mzima," alimaliza. "Na watu wa stoo waombwe radhi."

Jenista alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Kwa nini hukuniambia kwamba unafunika mchana?"

"Hukuuliza. Na wewe kwa nini hukuniambia nisifunike?"

"Sikujua kama duniani kuna mtu anayelifunika jua!"

"Njoo Hasamba," alisema Gwantwa kutoka uzioni. "Tuko wengi."

Hakuna aliyecheka, ingawa baadaye kila mmoja alidai kwamba alitaka. Aliko aliizungusha chupa mkononi. Alisema, kwa ile sauti yake ya misiba, kwamba anasikitika, lakini agizo linasema leo. Kipimo ni leo, na jibu la kipimo ndilo litakaloamua kuhusu bustani. Hana mamlaka juu ya kahawa.

"Hilo tunalijua," alisema Tusekile. "Ukichota utachota makosa yangu. Funga bustani kwa makosa ya maji, baba, usiifunge kwa makosa yangu. Mimi nifukuze. Hata sasa hivi."

Aliko alikuwa mtu asiyependa kuamini kitu kwa kusikia, tabia ambayo ilimchelewesha kupanda cheo. Alitoa funguo za pikapu mfukoni, akaulaza mmoja juu ya kigae cha bluu, akauliza kama anaweza kupata chai. Jenista alimwambia jua limeanza kulegea, itachukua muda. Aliko alisema muda anao, mtu aliyefunga safari na kibao hawezi kuwa na haraka.

Chai ilinywewa kivulini. Gwantwa alikataa kikombe. Alisimama palepale uzioni, akiikodolea macho ile meza kama anayemlinda kuku asiibiwe. Aliko aliporudi, bluu iliyouzunguka ufunguo ilikuwa imefifia, ikawa kijani chepesi kinachoelekea njano. Aliuinua. Chini yake kulikuwa na ufunguo mwingine, wa bluu iliyokoza, meno yake yote yakihesabika.

Aliurudisha ule wa chuma mfukoni.

"Nikichota leo," alisema hatimaye, "nitakuwa nimepima neti za mama, sijapima mtambo." Akairudisha chupa sandukuni. "Kesho, wakati kama huu. Baada ya hapo sina sababu nyingine ya kumpa mkubwa wangu. Hata hii ni ngumu kuielezea."

"Na kibao?" Gwantwa aliuliza.

"Kibao kitalala kwenye gari."

Maji ya tangi la chini yalirudishwa juu kwa pampu jioni ileile, yaanze upya. Kulipokucha mbingu ilikuwa safi. Gwantwa alikuja asubuhi, safari hii kwa kupitia mlangoni, akazichukua neti zote mikononi mwa wifi yake, akazirundika chini ya ukuta na kuzikalia.

"Kazi yako leo ni kukaa," alisema. "Ukisimama nakuita."

Watu hudhani kazi ngumu ni ya kubeba. Saa nne ilipita vizuri. Saa tano Tusekile alianza kuzikunja kanga zake bila sababu. Jua lilipanda, vigae vikaanza kuwaka kiasi cha kuumiza macho, maji yakateremka juu yake membamba, wazi, bila mtu wa kuyahurumia. Saa sita ilifika. Alisimama.

"Wifi!"

Akakaa. Mikono yake ikaanza kukunja hewa, kona kwa kona. Maisha yake yote yalikuwa yamemfundisha kwamba saa hii mwanamke mwema hakai, anafunika. Na hapa alikuwa ameketi kama mvivu, akilitazama jua likipiga kitu alichokabidhiwa. Alihisi ganda likipasuka mahali fulani, ingawa hapakuwa na ganda.

"Ongea," alisema Gwantwa. "Ongea lolote."

"Kaka yako alikoroma."

"Hilo kijiji kizima kililijua. Ongea lingine."

Kabla hajalipata lingine, kivuli kilipita juu ya mikono yao. Wingu. Lilikuwa limetokea upande wa Zambia, zito, la kwanza la msimu, nyuma yake yamejipanga mengine kama malori. Vigae vikapoteza mng'ao vyote kwa pamoja. Jenista alitoka mbio kwenye kibanda cha pampu, akatazama juu, mdomo wazi, kisha akalifunga bomba la juu maji yasiteremke bure.

"Likikaa mpaka alasiri," aliuliza Gwantwa, "itakuwaje?"

"Dawa itakuwa imekatwa nusu," alisema Jenista. "Nusu haitoshi. Na mvua ikinyesha tangini, Bwana Afya hatapokea, atasema tumeyazimua maji."

Wanawake watatu, mmoja mwenye shahada, walisimama wakilitazama wingu bila kusaidia kitu. Kwa siku zote za ujana wake Tusekile aliliombea wingu liondoke ili kahawa ikauke, na kila ilipofika saa sita alifurahi likija. Sasa hakujua amwombe Mungu kwa lugha gani. Alichojua ni kwamba kama mvua ingeanza, neti zilikuwa palepale, chini ya Gwantwa, na hata hizo zingepitisha maji.

Upepo ulibadilika. Ulikuja na vumbi na harufu ya mahindi ya kuchoma, ukalisukuma wingu pembeni, kuelekea milima ya Ileje. Jua likatoka kwa ghadhabu, likamkuta Tusekile usoni, na kwa mara ya kwanza maishani alilipokea bila kuinua mkono. Jenista alilifungua bomba.

Aliko alipofika alichota, akafunga chupa, akatia kwenye barafu, akaaga. Ila wakati wa kuondoka alipita kwenye meza ya kwanza, akaangalia kama ufunguo wake wa bluu bado upo. Ulikuwa umeshaliwa.

Maji yalikwenda kupimwa mbali, majibu yakachelewa kama ya kila kinachopimwa mbali. Katika siku hizo Gwantwa hakupanda wala hakung'oa. Miche ilianza kurefuka kitaluni na kulala ubavu, nayo pikapu yenye kibao ilipita barabarani mara kwa mara, na kila ilipopunguza mwendo wanawake wa bustanini walinyooka migongo wote kwa pamoja. Tusekile aliendelea kwenda kazini. Hakuna aliyekuwa amemfukuza. Ilionekana kila mmoja anasubiri mwingine akumbuke. Kila saa sita aliketi juu ya mikono yake.

Simu ya Jenista iliingia asubuhi, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha. Tusekile alimwita Gwantwa uzioni, akaiweka simu kwenye sauti kubwa.

"Yamepita, mama," ilisema. "Si kwa kishindo, lakini yamepita. Bwana Afya ameshaambiwa. Bustani zinabaki. Tutaendelea kupima kila mara, sawa? Na mama..."

"Naam."

"Zile neti."

"Nimekuelewa, mwanangu."

Gwantwa hakusema asante. Hilo si neno la wifi. Alisema, "Kumbe ukiacha kufanya kazi, kazi inafanyika," akachukua jembe akaenda kupanda. Kibao nacho kilipata ajira upande mwingine wa mji. Kibao kilichokwisha kuandikwa hakikosi shamba.

Tatizo lililobaki lilikuwa mikono. Tusekile alivumilia mpaka juma lililofuata. Siku moja jua lilipofika utosini alizibeba neti zake begani, akashuka mteremko, akaingia bustanini kwa wifi yake bila kubisha. Kitaluni miche mipya ya chainizi, iliyochipua juzijuzi, ilikuwa imeinamisha vichwa kwa joto. Alichomeka vijiti vinne kwenye kona, akashusha neti juu ya miche taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala, ile yenye tundu ikiwa juu ya njia, mahali pasipo mche.

Gwantwa alimtazama kwa mbali, ameegemea jembe.

"Hizo zinapenda kivuli, wifi," alikubali. "Lakini saa tisa ufunue."

"Utanifundisha wewe?" alisema Tusekile.